Boya la Rangi ya Maji

Kufuli alikuwa na mdomo wa kuongea kama watu wengine, na kwa kusimulia habari za ujana wake hakuwa na mpinzani, ila kulikuwa na jambo moja ambalo hakuna aliyewahi kulitoa kinywani mwake. Jina lenyewe lilitokana na hilo. Wenye boti wenzake pale gatini walilizoea kiasi kwamba wageni walidhani ndilo alilopewa na wazazi, na binti yake, siku akiwa na hasira, aliwahi kumwita Baba Kufuli, mzee akakosa kujua acheke au amkemee.

Jambo lenyewe lilikuwa mahali. Huko ndani ziwani, mwendo wa dakika hamsini kwa boti yake ndogo, kwenye maji ya kina cha mita kumi na mbili, sakafu ya ziwa ilikuwa na tundu lenye upana wa mlango wa chumba. Tundu hilo ndilo mdomo wa pango. Wazamiaji walisafiri kutoka mbali kuja kuliingia, na mtu wa kuwafikisha alikuwa mmoja tu.

Hakupajua kwa mitambo. Alipajua kwa macho. Bomba la moshi la kiwanda cha saruji likigusa ubavu wa kulia wa tangi la maji la mji, na wakati huohuo mnara wa simu ukiingia katikati ya pengo la kilima cha machimbo ya kokoto, hapo unazima mashine, unashusha nanga, na mdomo wa pango uko chini ya miguu yako, hatua chache huku au kule. Alama hizo nne alizipata mwenyewe miaka kumi na tisa iliyopita, baada ya msimu mzima wa kushusha jiwe lililofungwa kamba na kupima kina. Hakuziandika popote. Aliziweka kichwani, mahali ambapo, kama alivyopenda kusema, hakuna mwizi mwenye ngazi ndefu ya kutosha.

Ili zibaki humo, aliweka sheria. Hakuna simu botini. Kila aliyepanda alitoa simu yake ikaingia kwenye kopo la biskuti lililokaa juu ya kabati la ofisi, na ya Kufuli mwenyewe ilikuwa ya kwanza kuingia, maana sheria isiyomgusa aliyeitunga aliiona ni ubabe tu. Redio ya mawasiliano hakuitaka, kwa hoja kwamba ina masikio mengi kuliko midomo. Kisha kulikuwa na boya. Boya la Kufuli lilikuwa kidumu cha lita tano alichokipaka kwa mkono wake rangi ya maji, kijivu chenye ubluu kidogo, akarudia rangi mara tatu, mpaka likielea mita ishirini tu kutoka ulipo, hulioni. Kamba yake ilishuka hadi kwenye jiwe zito lililotua mdomoni mwa pango, na wazamiaji waliishika kushukia na kupandia. Wakishamaliza, Kufuli aliivuta yote, jiwe na vyote, akaikunja duara juu ya duara, akaisukuma chini ya benchi pamoja na kidumu chake. Hakuwahi kuliacha boya nyuma. Miaka kumi na tisa, hata mara moja.

Wenzake walimtania wakachoka. Aliyekuwa hachoki ni jirani yake wa gati, mwenye boti kubwa ya kutembezea wageni, mtu aliyeanza kusema kabla jua halijatoka akafunga jua likizama, ndiyo maana wakamwita Redio.

"Siku ukifa, Kufuli, itabidi tukupasue kichwa tuchukue ramani," Redio alimwambia.

Kufuli alimjibu kwamba yeye hafi kabla ya Redio, kwa sababu anatamani japo siku moja ausikie ukimya wake.

Aliyeingia pangoni na wateja hakuwa Kufuli. Alikuwa mkwewe, mume wa binti yake huyo mmoja aliyenaye. Kabla ya kuoa alikuwa fundi bomba, na hata majini alibaki fundi bomba: taratibu, bila papara, akikagua kila kiungo mara mbili. Pango alilichukulia kama nyumba ya mtu, na vyumba vyake alivipa majina. Kulikuwa na Baraza pale mlangoni, kisha Koridoni, penye wembamba wa kupita mmoja mmoja, kisha Stoo, na mwisho kabisa Sebule. Sebuleni dari lilipanda juu ya maji, pakawa na nafasi ya hewa yenye ukubwa wa kabati mbili za nguo. Mtu angeweza kutoa kichwa pale, akakaa juu ya mwamba, akaongea.

Wiki moja kabla ya siku mambo yalipoharibika, mkwe aliomba jambo. Aliomba aende na simu yake safari moja tu, ahifadhi mahali pale, kisha simu irudi koponi.

"Baba, siku jambo likitokea, huenda wewe usiwe na nafasi ya kutazama mabomba ya moshi," alisema.

Kufuli alikuwa anasugua koleo lenye kutu, hakuinua uso. Alimwambia mkwe kwamba kama anataka kurithi, asubiri msiba. Alisema kwa mzaha, na mkwe akaupokea kwa mzaha. Akacheka, akasema, basi baba, tutasubiri. Halafu akamkumbusha kuhusu koki ya jikoni kwake iliyokuwa inavuja mwezi wa pili sasa, kwamba safari hii atakuja kuitengeneza, asimwite fundi mwingine wa kuja kuharibu.

Siku yenyewe ilianza vizuri. Asubuhi ilikuwa nyeupe, maji yametulia. Mteja alikuwa mmoja, daktari wa meno mwenye vifaa vipya kabisa, bado vina harufu ya duka. Kufuli alipanga alama zake, bomba kwa tangi, mnara kwa pengo, akashusha nanga na boya. Saa mbili na nusu wawili hao wakaingia majini. Mzee akabaki na chupa yake ya chai, akitazama mapovu yakipungua hadi yakaisha, maana mtu akishaingia chini ya mwamba, mapovu yake hubaki huko huko.

Saa nne kasoro robo mapovu yakarudi. Kikatokea kichwa kimoja.

Kilikuwa cha daktari, lakini mtungi mgongoni haukuwa wake. Ulikuwa na utepe wa kijani shingoni, utepe ambao binti yake Kufuli aliufunga kwenye mtungi wa mumewe ili usichanganywe na ya wateja. Mzee aliuona utepe kabla ya kuona uso wa mtu.

Alimvuta daktari botini. Habari ilitoka vipande vipande. Walipokuwa wanarudi kutoka Sebuleni, kule Koridoni, daktari alipiga miguu vibaya, tope likapanda, maji yakawa kama chai ya maziwa. Hakuona hata mkono wake. Akaogopa, akajigonga darini, valvu ya mtungi wake ikapasuka na hewa ikamwagika yote. Mkwe alimshika, akampa pumzi kutoka kwenye mtungi wake, akamrudisha Sebuleni. Walitoa vichwa pale. Mtungi uliobaki ulikuwa na hewa ya kumtoa mtu mmoja. Mkwe akauvua, akamvisha daktari, akamwelekeza polepole kama anayemfundisha mtoto kufunga kamba za viatu: shika kamba ya njia, usiiachie, usipige miguu, jivute kwa mikono.

"Alisema hewa ya pale inamtosha mtu mmoja masaa matano, akitulia," daktari alisema, meno yake yakigongana. "Alisema nikuambie ametulia."

Ilikuwa saa tatu na robo walipoachana. Kufuli alihesabu: mpaka saa nane na robo. Dakika hamsini kwenda, kukusanya wazamiaji na mitungi, dakika hamsini kurudi. Muda ulikuwepo, tena wa kubaki. Hilo ndilo lililokuja kumtafuna baadaye kuliko yote.

Alifungua mashine mpaka mwisho, kitu ambacho hakuwa amekifanya miaka mingi, boti ikainua pua. Hakukuwa na simu ya kumpigia mtu. Hakukuwa na redio ya kuita. Kulikuwa na mzee, daktari aliyekuwa anatapika ubavuni, na kelele ya mashine.

Ofisi yake ilikuwa chumba kimoja chenye meza, kabati na kalenda ya duka la vipuri. Binti yake alikuwa anaandika orodha ya vifaa vya kuoshwa. Alisikiliza bila kukatiza. Hakulia. Alipanda juu ya kiti, akateremsha kopo la biskuti, akampa baba yake simu yake, akamrudishia daktari ya kwake, na ile ya mumewe akaitia mfukoni mwa koti. Kisha akaanza kupiga, na aliongea kwa ufupi kama anayeagiza mzigo.

Waliopatikana ni wawili, na walikuwa wazuri. Mmoja alikuwa mchomeleaji wa chini ya maji, aliyekarabati nguzo za gati, mtu mpana asiye na maneno. Wa pili alikuwa mwanamke aliyefundisha uzamiaji kwenye bwawa la chuo, kila mtu akimwita Mwalimu, na aliwahi kuingia pango lile mara mbili na mkwe. Kujaza mitungi kukala muda. Saa sita kasoro dakika ishirini boti ilikuwa tayari, na binti alikuwa ameshakaa benchi la mbele. Hakumwomba mtu ruhusa.

Redio alikuwa kwenye boti yake, mashine inanguruma, kamba ameshazifungua.

"Mzee Kufuli, nije nyuma yako?" aliuliza. Hakukuwa na utani sautini mwake. "Na hizi mbili za vijana zipo, zimekaa bure."

Baadaye Kufuli alijaribu kujidanganya kwamba alikuwa anafikiria mkwe wake, au muda, au kwamba boti nyingi zingetibua maji. Haikuwa hivyo. Kwa kitambo cha pumzi moja aliiona boti ya Redio imesimama juu ya mahali pake, na Redio anageuza shingo kutazama nchi kavu, anapanga bomba na tangi.

"Baki," alisema. "Nafika mwenyewe."

Binti yake alimtazama, akamtazama na Redio, akageuza uso mbele.

Walikuwa wamekwenda nusu saa manyunyu yalipoanza. Hayakuwa mvua ya kutisha. Yalikuwa manyunyu laini, mazito, yaliyoshuka bila upepo, na yalikuja kutoka nchi kavu. Kufuli aligeuka akaona bomba la moshi limeondoka. Kisha mnara. Kilima kilibaki kidogo kama doa la mkono kwenye ukuta, nacho kikaondoka. Tangi la maji ndilo la mwisho. Kila upande ukawa rangi moja, na kati ya maji na mbingu hapakuwa na mshono.

Alikuwa na dira ndogo na saa ya mkononi. Alishika uelekeo uleule, mwendo uleule, akangoja dakika hamsini zitimie. Lakini kila siku boti ilibeba watu watatu na mitungi minne. Leo ilikuwa na watu wanne na mitungi kumi, imezama mpaka karibu na ukingo, na dakika hamsini zake hazikuwa dakika hamsini za kila siku. Aliongeza tano. Akaongeza tatu. Akazima mashine.

Mchomeleaji alisimama, akajifuta uso. "Mzee, boya lako lina rangi gani, tuanze kulitafuta?"

Kufuli alifungua mdomo aseme kijivu. Binti yake alikuwa ameinama kusogeza mguu uliokuwa umebanwa na kitu chini ya benchi. Alikivuta kile kitu kikatoka.

"Baba," alisema. "Si hili hapa?"

Kilikuwa kidumu cha lita tano. Kamba ilikuwa imekunjwa duara juu ya duara, ncha imechomekwa ndani isifumuke, na jiwe limelazwa juu yake. Ilikuwa bado na unyevu. Kufuli aliitazama kama anayetazama kazi ya mtu mwingine. Alikumbuka kumvuta daktari. Alikumbuka kupandisha nanga. Katikati ya hayo mawili alitafuta, hakukuta kitu. Mikono yake ilikuwa imefanya kazi yake ya miaka kumi na tisa bila kumuuliza, mita kumi na mbili za kamba, na ikazikunja vizuri.

Hakuna aliyemlaumu. Ingekuwa nafuu. Mwalimu alimuuliza tu, kwa sauti ya darasani, kwamba bila alama za nchi kavu anaweza kuwakaribisha kiasi gani.

"Bila alama," Kufuli alisema, "sijui."

Ni neno ambalo hakuwa amelisema kuhusu mahali pale hata siku moja.

Walifanya lililowezekana. Walishusha nanga hapo walipo. Wazamiaji wakashuka nayo, wakafunga kamba ya mita thelathini, wakaogelea duara huku wakipapasa sakafu ya ziwa. Tope. Wakapanda, boti ikasogea upande wa kusini, wakashuka tena. Tope na konokono. Kufuli alijaribu kupima kina kwa jiwe lake kama alivyofanya enzi zile, lakini mwanzoni kazi hiyo ilimchukua msimu mzima, na sasa alikuwa na saa moja na robo. Binti yake alishika saa. Hakuisoma kwa sauti. Kila alipoitazama, aliushusha mkono polepole akauweka juu ya paja, na mzee akajua ni ngapi bila kuambiwa.

Walipopanda mara ya tatu, Mwalimu hakuvua hata barakoa vizuri. Alieleza kwamba hewa ya pangoni hugawanywa mafungu matatu: la kuingilia, la kutokea, na la dharura. Kila duara wanalopiga hapa linakula mafungu hayo. Wakipiga moja zaidi, hata wakiuona mlango hawataweza kuingia wakamfikia na kumtoa.

Ilikuwa saa nane kasoro dakika kumi.

"Nampigia Redio," binti alisema.

"Hatapajua," Kufuli alimjibu, na hata alipokuwa anasema, alisikia jinsi neno hilo lilivyobeba kitu kama fahari.

Binti alikuwa ameshatoa simu. Alipiga, akasema maneno yasiyozidi kumi, akasikiliza, akakata.

Boti ya Redio ilikuwa na mashine mbili. Ilitokea ndani ya manyunyu baada ya dakika ishirini na tano, saa nane na robo kamili, nayo haikuja kwao moja kwa moja. Ilipita ubavuni, Redio amesimama usukani, akawapungia mkono wamfuate. Hakuzunguka huku na kule. Alikwenda mstari ulionyooka kama mtu anayerudi nyumbani kwake, mita mia tisa hivi, akapunguza mwendo, akasogea kidogo kushoto, akatupa nanga ndogo yenye boya jekundu.

Kufuli alipomkaribia aliona simu mkononi mwake, imefungwa kwenye mfuko wa plastiki. Juu ya kioo kulikuwa na ramani yenye nukta.

"Mwaka wa tatu ninayo," Redio alisema. Alikuwa anatazama maji, si mtu. "Wote tunayo. Tulikufuata siku moja kwa mbali, tuna darubini. Halafu tukakubaliana tukuachie. Tulisema ni pako, umepahangaikia."

"Na hukusema pale gatini?" binti aliuliza.

"Nilisema nije." Redio alikwama, yeye ambaye hajawahi kukwama. "Nilijua yeye anapajua kuliko sisi. Ningemwambiaje?"

Binti akamgeukia baba yake. Hakupandisha sauti.

"Ulimwambia abaki."

Kufuli akainama. Alichukua kidumu chake na kamba, kwa kuwa nanga ya Redio ilikuwa nyepesi na wazamiaji walihitaji jiwe la kweli la kushukia, akalishusha jiwe ubavuni. Lilikwenda, likagusa, kisha likateleza nusu mita zaidi. Alikijua kile kituo. Jiwe lilikuwa limekaa kwenye ukingo wa mlango, mahali pake pa siku zote.

Wazamiaji wakashuka saa nane na dakika ishirini na tano. Mapovu yakaja, yakapungua, yakaisha.

Sasa ulikuwa muda wa kungoja, na mtu akingoja huanza kupunguza na kujumlisha. Dakika kumi zimepita mpaka wa masaa matano. Dakika kumi ni kitu gani kwa mtu mtulivu? Fundi bomba aliyezoea kulala chalichali chini ya sinki nusu siku, akipumua vumbi, hawezi kushindwa na dakika kumi. Kisha zikawa ishirini. Hata hao waliposhuka walihitaji dakika ishirini za kufika Sebuleni, naye Kufuli hizo hakuwa amezihesabu. Alizihesabu. Akaacha kuhesabu. Ndani yake alikuwa ameshajua, ila aliendelea kukaa wima, kidevu juu, kama mtu anayepigwa picha, kwa sababu hakujua namna nyingine ya kukaa mbele ya watu.

Saa tisa kamili simu ililia ndani ya koti la binti. Haikuwa yake. Aliitoa ile ya mumewe, akaitazama, na kwa mara ya kwanza siku hiyo mdomo wake ulipinda. Alimnyoshea baba yake asome mwenyewe. Ulikuwa ukumbusho. Maneno yalikuwa machache: koki ya jikoni kwa baba.

Manyunyu yaliisha robo saa baadaye, kama yalivyoanza, bila haraka. Tangi likarudi kwanza. Kisha kilima na pengo lake, na mnara katikati ya pengo. Kisha bomba la moshi la kiwanda cha saruji, limegusa ubavu wa kulia wa tangi. Alama zote nne zilikuwa mahali pake, safi, kama zilizooshwa. Kufuli alizitazama akageuza uso.

Wazamiaji walitoka saa tisa na nusu. Walikuwa watatu. Mchomeleaji alimshika wa katikati kwapani, na jinsi alivyomshika hakuna aliyehitaji kuuliza. Mwalimu aliogelea hadi ubavu wa boti, akashika ukingo karibu na mkono wa binti.

"Alikuwa ametulia," alisema. "Amekaa kwenye mwamba, mgongo ukutani. Hewa ya mle ndani ilikuwa imechoka."

"Tangu lini?"

Mwalimu alishusha barakoa shingoni. Alikuwa mtu wa kufundisha, uongo haukumkaa mdomoni, nao ndio uliohitajika.

"Si muda mrefu," alisema.

Walimpandisha kwenye boti ya Redio, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa na nafasi ya kumlaza mtu. Redio alitandika turubai, akavua koti lake akalikunja chini ya kichwa cha mkwe, kichwa kisichohitaji tena kitu chini yake. Wazamiaji wakahamia huko na mitungi yao. Binti alisimama avuke. Kufuli alimnyoshea mkono amsaidie, kama alivyofanya tangu akiwa mtoto anayejifunza kupanda boti. Binti alishika chuma cha ukingo wa boti ya pili, akavuka mwenyewe.

"Mwanangu," Kufuli alisema.

Aligeuka. Alimtazama kwa muda, bila chuki, kama mtu anayesoma kibao kilichofutika akijaribu kukumbuka kiliandikwa nini. Kisha akakaa chini, akaweka mkono juu ya turubai.

Kijana aliyekuja na Redio alivuta nanga na boya lao jekundu. Redio mwenyewe alisimama usukani. Hakusema kwaheri, hakusema pole, hakusema tufuatane. Boti ikageuka ikaelekea nchi kavu, na mpaka ilipokuwa ndogo kama punje, kutoka kwake hakukuja sauti yoyote ila ya mashine. Kufuli alikuwa amekaa miaka mingi akitamani kuusikia ukimya wa mtu yule. Aliusikia.

Akabaki peke yake juu ya mahali pake.

Alikaa hivyo mpaka maji aliyoyaacha Redio yakalala. Kisha akainuka aondoke, kwa kuwa kuna mambo yalimngoja huko ambayo hakuna wa kuyafanya badala yake: kuwapigia simu ndugu wa marehemu, kusimama mbele ya mama wa mkwe wake na kusema neno la kwanza. Alipandisha nanga. Alipoinama kuwasha mashine, alihisi baridi viganjani, akatazama chini. Kamba ya boya ilikuwa mkononi. Alikuwa ameshavuta mita tatu, na tayari ilikuwa imelala miguuni pake, duara juu ya duara.

Akaiachia. Kamba ikarudi majini yenyewe, taratibu, duara moja baada ya jingine, na kidumu kikaifuata nje ya boti, kikaelea.

Aliwasha mashine akaenda mwendo mdogo. Akiwa hajafika mbali alitaka kulitazama, angalau ajue kwamba safari hii ameliacha. Maji yalikuwa kijivu, na mbingu kijivu. Aligeuka, akaweka mkono juu ya nyusi, akatafuta huku na huku kwa muda mrefu. Hakuliona.